Daftari la Ndege, Kettering

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Ya Bwana Pargeter yanalo,
limeshuka polepole tangu mwaka juzi,
sasa anaona mwanga tu, na kivuli cha mwanga.
Kwa hiyo kila Jumamosi, saa mbili asubuhi,
namvisha koti, soksi mbili mbili, kofia ya sufu,
nasukuma kiti chake hadi bustani iliyo nyuma ya kiwanda cha viatu
alikokata soli miaka thelathini na minne.
Kiwanda sasa ni nyumba za kupanga.
Bustani bado ni bustani.

Daftari hukaa magotini pangu.
Kurasa za mwanzo ni mwandiko wake, wima, kama askari kwenye gwaride;
kuanzia ya tisini ni wangu.
Siku ya kwanza niliandika "saa 2.10".
Akasema binti yake atadhani babake anazurura usiku wa manane.
Nikamweleza kwamba saa yetu huanza na jua.
Akafikiri kidogo.
"Ya ndege vilevile," akasema. "Iache."

Mimi ni macho, yeye ni majina.
Nasema: mdogo, kidari chekundu,
amesimama juu ya mpini wa jembe la mtunza bustani
kama mwenye shamba.
Anataja jina. Naandika.
Nasema: kichwa cheusi, shavu jeupe,
tai nyeusi hadi tumboni, mtu wa ofisini huyu.
Anacheka, anataja.
Nasema: kundi, ishirini na kitu,
wameshuka kwenye mti wa matunda mekundu,
nyusi nyeupe, na wekundu kwapani
kana kwamba wamebeba pilipili.
Hapo ananyamaza. Anainua kidole.
"Wamevuka bahari usiku, hao. Kutoka Norwe.
Waandike kwa herufi kubwa."

Mwewe sikuhitaji kumuuliza.
Mkia wa panda, mabawa yasiyo na haraka.
Kule Ilula mama alimrushia gunzi, mfuniko wa sufuria, matusi,
huku akihesabu vifaranga vilivyobaki.
Hapa waliisha kabisa, ananiambia,
wakaletwa wengine kwa ndege
(ndege ndani ya ndege!)
na watu wakapiga makofi.
Bado sijamsimulia mama habari hii.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya ukungu.
Majani yamelala njiani, yamelowa,
kama vipande vya ngozi alivyovikataa fundi.
Hakuna hata njiwa.
Dakika ishirini. Arobaini.
Pua yake imegeuka zambarau
na hasemi turudi.
Nikamhurumia. Nikasema: yupo mmoja, tawi la chini.
Yukoje?
Wa kahawia. Madoa kifuani.
Mdomo?
Mwembamba.
Anafanya nini?
Anatutazama.

Njia ya mwongo ni fupi;
yangu haikufika hata kwenye bwawa la bata.
Aliinamisha kichwa, akasikiliza
kwa muda ambao ndege wa kweli angekuwa ameshachoka kukaa,
akasema bila hasira,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi:
"Mfute.
Tangu mwaka sitini na moja sijaandika asiyekuwepo.
Sufuri nayo ni hesabu."

Nikafuta. Kifutio kikaacha doa la kijivu,
na juu ya doa nikaandika sufuri.
"Umeiandika kubwa?" akauliza.
"Ya wastani," nikasema.
"Vizuri."

Nikafunga daftari, nikafungua breki ya kiti.
Tulipokaribia geti, kitu kililia ndani ya ukungu,
mara moja tu, sauti nyembamba, juu upande wa kulia.
Nikasimama. Mkono wangu ulishagusa kalamu.
Bwana Pargeter alitabasamu na hakutaja jina.
Saa ya kuhesabu ilikuwa imekwisha.